Kiti cha Mkono wa Fundi

Vijana wangu, mafuta ya nazi ni kitu kizuri. Ni mazuri kwa nywele, ni mazuri kwa mtoto mchanga, na mandazi yakikaangwa kwayo mtu anasahau deni la dhambi zake. Lakini kwenye upinde wa fidla ni sumu. Dole moja tu la mafuta likipita kwenye singa za upinde, fidla inakuwa bubu. Utavuta, utasukuma, utatoka jasho, na kitakachosikika ni kama panya anayetembea juu ya makuti.

Nayajua hayo kwa sababu yalinipata. Aliyeupaka upinde wangu namjua, na leo namtaja: ni Abeid wa Makorora, yule aliyekuwa akichana nywele njia ya pembeni. Aliyesimama mlangoni kumlindia wakati anapaka ni Rajabu, mpiga dumbaki. Wote wawili wako hai. Wakitaka kunijibu, kalamu zinauzwa dukani.

Mimi sikukusudia kuandika. Shule yangu ni darasa la pili, nyingine nimeisoma ukubwani kwenye kisomo cha jioni, nikiwa na watoto tayari. Lakini mwaka jana vijana wa taarabu wa siku hizi, wale wenye vinanda vya umeme, walibandika ukutani karatasi yenye majina ya wapiga fidla wa zamani. Nikavaa miwani, nikasoma. Majina kumi na moja. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu, huenda wameniweka kwa mkato. Simo.

Nikamuuliza kijana aliyeandika, "Mwanangu, nani kakutajieni?"

"Mzee Abeid, baba."

Basi. Kaeni niwaeleze.

Zamani hizo, kwenye miaka ya hamsini, kaskazi ikiingia na shule zikifungwa, Fundi Sefu alikuwa akikusanya vijana wa mjini Tanga na kuwafundisha taarabu. Fundi Sefu asubuhi alikuwa fundi wa saa, jioni fundi wa fidla. Mtu aliyezoea kusikiliza saa inayosema tiki mahali pa taki humdanganyi kwa sauti. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la Bwana Gulamu, muuza vitambaa, nyuma ya majora ya kaniki na marekani. Joto la humo sisemi. Tulikuwa tukitoka tumelowa kama waliokwenda kuoga.

Msimu ulikuwa mmoja tu, miezi mitatu, mpaka harusi za Shaabani. Mnajua watu wetu: Ramadhani ikikaribia kila mwenye mwari anakimbiza harusi. Basi kwenye harusi kubwa ya Shaabani vijana tulipewa nafasi ya kupiga, na wazee wa chama kikubwa cha taarabu walikuja kusikiliza. Walimchukua mpiga fidla mmoja kila mwaka, mmoja tu, naye alikuwa yule aliyekalia kiti cha kwanza. Wengine walirudi walikotoka.

Viti vya fidla vilikuwa vitano, vimepangwa safu moja. Cha kwanza kiligusana na kiti cha Fundi mwenyewe, upande wa kulia, ndiyo maana tukakiita kiti cha mkono wa Fundi. Cha tano kilikuwa mlangoni, ambako kuku wa jirani walipita na mtu akifungua mlango unakupiga kiwiko. Kiti hakukigawa mtu. Kila Alhamisi, anayekitaka kiti cha mwenzake alitandika leso yake juu yake. Hakusema neno. Leso ikishatandikwa, baada ya alasiri wote wawili wanapiga bashrafu ileile, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, mwenye kiti kwanza. Fundi anageuka, anatazama ukutani, anajipepea kwa kipepeo chake cha ukili. Hataki uso wa mpigaji umchanganye. Anayepiga vibaya, kipepeo kinakwenda mbio. Anayepiga vizuri, kinakwenda polepole. Na aliyeshindwa alichukua leso yake, akakipangusa kile kiti, halafu mshindi akakaa. Hilo la kupangusa ndilo lilikuwa chungu. Nimeona majibaba yenye ndevu yakilia.

Sasa mimi nilikuwa nani? Mtoto wa manamba. Baba yangu alitoka Ugogo kwa mkataba akaja kukata mkonge kwenye shamba la upande wa Mwera, huko Pangani, akabaki. Tulikuwa watu wa msalaba, na Kiswahili chetu kilichekwa. Kitu baba alichokuja nacho kutoka kwao ni zeze, na zeze ndilo lililonifungua masikio. Fidla yangu ya kwanza niliipata kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, imepasuka tumbo. Nikaiziba kwa ulimbo, nikaja mjini kwa shangazi yangu Monika, aliyekuwa akikaa Nguvumali na kusuka vikapu.

Baba aliniambia siku naondoka, "Petro, nakupa kaskazi hii moja. Masika ikikukuta huna kiti kwa hao Waswahili, panga lako liko hapa, nimeshalinoa." Hakuwa anatania. Nyapara alikuwa ameshaliandika jina langu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nimeuona mgongo wa baba.

Siku ya kwanza niliiweka fidla tumboni, kama zeze. Ghala zima likaanguka chini kwa kicheko. Abeid, ambaye ndiye alikuwa kiti cha kwanza, akasema, "Jamani, mwacheni, anainyonyesha!" Kisha akaniita Katani, na jina likanasa. "Katani, panga umemwachia nani? Katani, nyama ya panya leo mmepika?" Mimi nikakaa mlangoni na kuku wangu.

Nisikilizeni hapa, maana hili linafaa kazi yoyote: aliye mlangoni anaona vidole vya wote. Mimi nilivitazama.

Makosa niliyafanya. Alhamisi ya kwanza nilitandika leso kwenye kiti cha nne kwa haraka ya ujinga. Nilikuwa nimekaza nyuzi zangu mapema, ghala likiwa tupu. Watu walipojaa na joto lao, nyuzi zikatoka jasho zikalegea, maana zilikuwa nyuzi za utumbo. Nikaanza bashrafu juu, nikaimaliza chini. Kipepeo cha Fundi kilikwenda mbio mpaka kofia yake ikasogea. Nikapangusa kiti. Tangu siku hiyo mpaka nimestaafu sijawahi kukaza nyuzi kabla watu hawajajaa. Fidla ni kama mwari, haipambwi alfajiri kwa harusi ya jioni.

Aliyenifundisha zaidi hakuwa Fundi. Alikuwa Mwanahawa, mwimbaji wetu, binti wa watu wenyewe wa Mtang'ata, ulimi kama wembe. Siku moja alikatiza wimbo katikati.

"Wee Katani! Waniswaga kama ng'ombe?"

"Samahani, dada."

"Usiniombe samahani, nitazame koo. Mimi nikivuta pumzi, na upinde wako uvute. Nikishusha, nawe shusha. Fidla haitangulii mwimbaji, na haimfuati. Yatembea naye bega kwa bega, kama mke mwenza asiyetaka kuachwa nyuma sokoni."

Nikalitazama koo. Alhamisi iliyofuata nilichukua kiti cha nne. Nikachukua cha tatu. Cha pili kilinichukua Alhamisi mbili, maana mwenyewe alikuwa kijana mzuri na hodari, na alipokipangusa alinishika mkono. Yeye simlaumu, wala simtaji. Nawataja wabaya tu, wema wanajijua.

Nilipokaa kiti cha pili, bega langu likigusana na la Abeid, mizaha ikakoma. Ndipo nikajua ananiogopa. Mjomba wake alikuwa mtu wa chama kikubwa, na nyumbani kwao kanzu ya kuvaa siku ya kupokewa ilikuwa imeshashonwa. Nilisikia hilo la kanzu kwa Rajabu, aliyekuwa akisema kila kitu kwa kila mtu, isipokuwa siku ile moja niliyohitaji aseme.

Ikabaki Alhamisi moja kabla ya harusi. Asubuhi nilitandika leso yangu kwenye kiti cha kwanza, mbele ya watu. Abeid akaitazama, akasema, "Hiyo leso au dekio?" Wakacheka. Nikaacha fidla na upinde ghalani, juu ya majora, kama desturi yetu, nikaenda kunywa uji.

Nilirudi adhuhuri nijaribu vidole. Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Panya juu ya makuti. Nikapaka sandarusi, ile tuliyokuwa tukipaka ili singa zishike nyuzi, nayo ikaganda madongemadonge. Nikaunusa upinde. Mafuta ya nazi, yenye asumini ndani yake.

Ghala zima lilikuwa na kichwa kimoja tu chenye mafuta ya nazi ya asumini.

Rajabu alikuwa kizingitini. Nikamwambia, "Rajabu, nani aliingia humu?"

Akatazama dumbaki lake. "Mimi sikuona. Jua hili linanipiga machoni."

Jua la adhuhuri liko utosini, vijana. Halimpigi mtu machoni.

Sheria ya Fundi ilikuwa hivi: ukitandika leso kisha usipige, unarudi mlangoni, na kiti hukitaki tena msimu huo. Singa za kubadilisha hazikuwapo. Zile zilikuwa za mkia wa farasi, na Tanga hii farasi utampata wapi? Zilikuja kwa meli. Mwenye singa za akiba alikuwa Abeid peke yake.

Nikatoka mbio mpaka Nguvumali. Nilikimbia na upinde mkononi, watoto wakanifuata wakidhani namkimbiza mwizi. Shangazi Monika alikuwa uani kwake anasuka, rozari shingoni. Sikumaliza kumweleza, nikaanza kulia. Miaka kumi na saba, nalia kama niliyeanguka mnazi.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Baba yako zeze lake analipigia nini?"

"Upinde, shangazi."

"Upinde wa singa ya nini?"

Nilitazama miguuni pake. Pale palikuwa na fungu zima la katani nyeupe, iliyochanwa, ya kusukia vikapu.

"Siku ya harusi yangu," akasema, "baba yako alinipigia tangu asubuhi mpaka jua likazama kwa uzi huuhuu. Mbona hakulia?"

"Watanicheka, shangazi. Tayari wananiita Katani."

"Basi waitikie."

Haya, andikeni, maana sitaki kufa nalo. Katani ya upinde huchagui ile ya nje ya jani, ni ngumu kama sindano, wala ya chini kabisa. Chukua ya katikati. Ichane kwa chanuo la meno madogo mpaka isitoe vumbi. Ipitishe kwenye maji, uikung'ute, uipitishe tena. Ihesabu kwa macho, nusu ya singa za farasi inatosha, kwa kuwa uzi wake ni mnene. Funga ncha kwa uzi wa pamba, ukaze ikiwa mbichi, maana ikikauka inajivuta yenyewe. Shangazi alichana, mimi nikafunga. Jua likaukausha upinde wangu njiani wakati narudi mbio. Zile singa zenye mafuta nilizifunga kwenye jani la mgomba, nikaziweka mfukoni.

Nilifika Fundi ameshageukia ukuta.

Abeid akaanza. Sitasema uongo kwa ajili ya hasira zangu: alipiga vizuri. Alikuwa na mkono mwepesi, mkono wa mtu aliyelala vizuri na kula vizuri. Kipepeo kikaenda polepole, polepole zaidi. Wenzake wakaanza kutabasamu. Akamaliza, akakaa mkao wa bwana harusi.

Nikanyanyua upinde wangu. Mtu mmoja akasema, "Lo! Kafunga kamba ya mbuzi!" Rajabu alicheka zaidi ya wote, nadhani kwa woga.

Mvuto wa kwanza ulikwaruza. Kipepeo kikaruka. Mkono wangu ulikuwa unakandamiza kama uliozoea singa za farasi, na katani haitaki kukandamizwa, ina meno yake yenyewe. Nikamkumbuka baba kwenye kibaraza cha kambini, namna anavyouachia upinde mpaka unaonekana kama unaanguka. Nikaachia. Nikamtazama Mwanahawa. Siku ile haikuwa zamu yake kuimba, lakini yule dada, Mungu ampe kivuli, alikuwa amekaa palepale mbele yangu, akavuta pumzi kana kwamba anaimba. Nikavuta naye. Akashusha, nikashusha.

Ikatoka sauti ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuitoa. Ilikuwa na kikwaruzo ndani, kama sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anasema jambo lake. Bwana Gulamu aliacha kupima kitambaa, akachungulia na futi yake mkononi. Kuku mlangoni nao wakatulia, au labda naongeza.

Macho ya watu wote yalikuwa kwenye kipepeo. Kilipunguza. Kikapunguza. Halafu, vijana wangu, kikasimama.

Hakuna aliyewahi kukisimamisha. Abeid msimu mzima alikipunguza tu.

Nikamaliza. Fundi Sefu akageuka taratibu. Akanyoosha mkono, nikampa upinde. Akaupitisha kidole, akaunusa.

"Hii katani."

"Ndiyo, Fundi."

"Singa zimekwenda wapi, mwanangu?"

Nikatoa jani la mgomba mfukoni, nikalifungua. Akazinusa. Hakuniuliza mimi tena. Akainua macho, akatazama nywele za Abeid, zile za njia ya pembeni, zinavyong'aa.

"Abeid."

"Naam, Fundi."

"Mafuta haya makazi yake kichwani. Kwenye upinde wa mwenzio yalikwenda kumtembelea nani?"

Rajabu akasema haraka, "Mimi nilikuwa mlangoni tu, Fundi!" Na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ghala likalipuka. Mwanahawa alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Hivyo ndivyo mlinzi wa mwizi alivyojitaja mwenyewe, kabla sijamtaja mimi leo.

Nilitegemea Fundi atamfukuza. Hakumfukuza. Akasema, "Ungepiga bila kupaka, ningesema mmekaribiana. Sasa toa leso."

Abeid akaitoa leso yake ya hariri. Akainama, akakipangusa kiti, akiwa amenipa mgongo. Fundi akasema, "Na miguu yake." Akapangusa na miguu ya kiti. Kisha nikakaa.

Harusi ya Shaabani nilipiga kwa upinde wa katani, kwa kukusudia: Bwana Gulamu alikuwa ameshaniletea singa mpya, nikazikataa. Wazee wa chama kikubwa walinichukua palepale. Baba alikuwa amekuja kutoka Mwera, amesimama nje ya uzio na viatu vyake mkononi. Nilipotoka nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akaushika upinde, akaupigapiga kwenye kiganja. "Umekaza mno kwenye ncha," akasema. Hakutaja panga. Baadaye shangazi aliniambia kwamba baba alimtaka nyapara alifute lile jina, na lile panga alilifanya la kukatia kuni.

Miaka ishirini na saba nimekula kwa fidla. Nimeoa kwa fidla, nimesomesha kwa fidla, mpaka vidole viwili vya mkono wa kushoto vilipokataa kukunja. Sijakata jani moja la mkonge. Wiki ileile ya harusi wenzangu watatu walikuja Nguvumali kumwomba shangazi katani ya upinde, na jina la Katani likawa heshima, mpaka wanangu wanaitwa kwa hilo.

Chama kilipovunjika, vitu viligawanywa. Wengine walichukua udi, wengine kodiani. Mimi niliulizwa nataka nini, nikasema kile kiti cha ghalani, kilichokuwa kimehamia chamani. Wakaniona nimechanganyikiwa. Ndicho ninachokalia nikiandika haya. Mguu mmoja umeliwa na mchwa, nimeuwekea kigae.

Abeid huja kunisalimu, mara nyingi Ijumaa. Ni mzee sasa kama mimi, kichwa hakina unywele hata mmoja wa kupaka. Tangu mambo ya ile karatasi ukutani amekuja mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua tu. Mara ya pili aliniambia, "Petro, majina ni mengi, nilisahau."

Nikamwambia, "Si kitu, ndugu yangu. Karibu, kaa."

Akatazama kiti, kilichokuwa kitupu. Mimi nikatazama mkeka. Akakaa mkekani.